Heliamu

Dukani kwangu Kiborloni nauza hewa.
Mitungi miwili, uzi, maputo ya sendofu,
na herufi za dhahabu: leo HONGERA AIKANDE.

Pacha wangu Ndeshi naye kazi yake ni heliamu,
ila ya kwake, huko ng'ambo,
imepozwa hadi Kibo mbele yake ni jiko la mkaa.
Matone madogo yanarushwa ndani ya ombwe,
kila tone atomi elfu kadhaa,
baridi yote hiyo na bado hayajui kuganda.

Jana usiku alipiga simu.
Nilimsikiliza puto likiwa menoni.

"Tunalipiga tone kwa mwanga. Atomi mbili zinasisimka.
Kila moja inasukuma majirani, inajifanyia kipovu,
kama mtu anavyotanua viwiko kwenye foleni ya sukari."
Halafu?
"Vipovu vinagusana, vinakuwa kimoja,
na zile mbili zinajikuta ana kwa ana."
Halafu?
"Moja inashuka. Inampa mwenzake yote iliyokuwa nayo,
na mwenzake elektroni inamchomoka,
inaruka nje ya tone moja kwa moja.
Hiyo ndiyo tunayoidaka. Hiyo ndiyo inayotusimulia."
Inachukua muda gani?
Akacheka. "Hujamaliza hata kusema *i*."

Mwaka ule matokeo yalipotoka
majina yetu yote mawili yalikuwamo.
Ng'ombe alikuwa mmoja.
Baba alimfunga kamba alfajiri, umande ukiwa bado migombani,
akateremka naye mnadani bila kutuangalia.
Tulibaki uani, mimi na Ndeshi, ana kwa ana.
Nikasikia mdomo wangu ukisema: nenda wewe.
Mimi mwenyewe sikuwa nimefika kwenye neno hilo.

"Na ile iliyoshuka?" nilimwuliza.
Simu ikanyamaza, nikadhani salio limekwisha.
"Ile hatuioni," alisema.
"Tunajua tu kwamba ilikuwapo,
kwa sababu hii nyingine
imefika na nguvu isiyokuwa yake."

Asubuhi mama yake Aikande alikuja amefura.
H imeanguka usiku, ukutani pamebaki ONGERA,
na wageni wa Rombo wako njiani.
Nilitaka kumweleza: mama, heliamu haikai,
hupenya hata pasipo na tundu.
Nikafungua mtungi.
Nikaijaza tena H, bure,
nikaishika uzi kidogo kabla ya kumpa.