Chaki na Mkaa

Mlango wa mashine ya kusaga ya Edmundi Chilumba, hapa Newala,
ni bati moja pana lililopakwa rangi nyeusi
kwa kuwa ndiyo rangi iliyobaki
walipomaliza msalaba wa shemeji yake.

Mimi ni karani wa mizani.
Kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara,
ni kuandika neno la mwaka kwa chaki
kila tarehe thelathini na moja, jioni,
kabla ukungu haujapanda kutoka bondeni
ukaifanya chaki uji.

Mwaka wa kwanza niliandika:
MWAKA MPYA, MAMBO MAPYA.
Asubuhi nikakuta pameongezwa chini, kwa mkaa:
«Basi deni la zamani tulisahau.»

Wa pili nikajitutumua:
MTAKA CHA UVUNGUNI SHARTI AINAME.
Mkaa ukajibu:
«Tumeinama tangu palizi ya mikorosho.
Hicho kitanda ni cha nani?»

SUBIRA HUVUTA HERI, nikasema wa tatu,
na mnada ulikuwa umeahirishwa mara mbili.
«Yetu imevuta mpaka kamba imekatika.»

Wa nne, HARAKA HARAKA HAINA BARAKA.
«Mwambieni aliyemla mbuzi wa mwaka mpya
tarehe ishirini na saba.»
Hapo Dadi Malibiche alinuna hadi Pasaka,
ingawa hakuna aliyemtaja,
na mbuzi, masikini, hakuwa na la kuongeza.

Nikaapa nitamkamata mwandishi.
Nikakagua viganja vya wateja
kama mwalimu wa zamu asubuhi ya Jumatatu.
Vyote vyeusi.
Nani hapa hapiki kwa mkaa?
Hata changu, nilipokigeuza, kilinisaliti.

Mwaka huu sikuwa na neno.
Mwezi wa saba nilimzika mama.
Mwezi wa kumi mota iliungua, tukakaa wiki tano
tukisikiliza vinu vya watu, twi, twi, twi,
kama mji mzima unatubishia hodi tusifungue.
Nilisimama mbele ya bati na chaki mkononi
mpaka ikalowa jasho.
Kila methali niliyoiita ilikuja imechoka,
ikakaa chini, ikaomba maji,
na maji Newala unajua bei yake.
Nikafuta mlango kwa kitambaa.
Chaki nikaiacha juu ya mizani. Nikaenda kulala
huku vijana wa salfa wakiupokea mwaka kwa uraka
na sufuria walizoazima bila kuomba.

Asubuhi, herufi nne. Kubwa, zimepinda,
kila moja imesimama peke yake
kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

NIPO

Na kando ya mlango, juu ya gunia lake la makopa,
Somoe Nantanga, miaka sitini na mmoja,
aliyeanza ngumbaru mwezi wa tatu,
chaki imempanda hadi kwenye kiwiko.
«Nimekuta mlango uko uchi,» akasema.
«Nikaona niuvishe nilichonacho.»

Nilitaka kumpa hongera, koo likagoma.
Nikamuuliza tu, Upo, mama?
Akanitazama kama mtu asiyejua kusoma.
«Si nimeandika?»

Kufikia saa nne mkaa ulikuwa umeamka:
«Na mimi.»
«Nami nipo, ila nadaiwa.»
«Nipo, mwambieni mama mkwe.»
Na chini kabisa, mwandiko ambao Dadi anaukana hadi leo:
«Mbuzi hayupo. Samahanini.»

Ile P ilikuwa imegeuka,
imeupa mwaka mpya mgongo,
inatazama ilikotoka.
Sikuirekebisha.
Mtu mwingine alishaichorea mshale:
«Hii imetoka kwenye uraka. Iacheni ipumzike.»

Nikawasha mota. Ikakohoa, ikakubali.
Nikafungua daftari, ukurasa safi, nikaandika tarehe,
na jina la kwanza la mwaka:
Somoe Nantanga, madebe mawili.
Atalipa akipata.
Nikampa kalamu atie sahihi.
Kidole gumba kikanyoosha kwa mazoea kuelekea wino,
kikasita,
kikarudi.