Mkaa Usiowaka

Mihayo, rudisha hiyo.
Nyeupe ni ya vumbi,
ni ya kule kwenye randa anakosimama Kasanda
nyusi zimegeuka nyekundu kwa unga wa mninga,
akipiga chafya hata Jumapili kanisani.

Wewe leo unapuliza vanishi.
Vanishi inakuja wawili wawili:
umande, ambao kitambaa huudaka,
na mvuke,
na mvuke hupita kitambaani
kama mgeni anayeujua mlango wa uani.

Chukua ya kahawia.
Ndani yake mna mkaa. Usicheke.
Mkaa, ndugu wa huu unaoingia Tabora alfajiri
kwa Barabara ya Sikonge, magunia matatu juu ya baiskeli,
na mwenye baiskeli haonekani.
Ila huu haukuumbwa uwake.
Umejaa vitundu, na kila kitundu ni kiti;
harufu ikipita, inaketi.
Viti vikijaa, harufu inasimama mlangoni,
kisha inakuja kwako.
Ndiyo maana jioni tunaifungia mfukoni, tunakaza:
ukiiacha mezani, usiku kucha
inakaribisha wageni usiowajua.

Mwaka juzi nilitumwa dukani, karibu na stesheni,
na kikaratasi: vichujio, jozi sita.
Hakuna aliyeandika vya kuchuja nini.
Nami, Kalunde mtunza stoo, mwenye funguo zote,
sikuuliza.
Vyeupe vilikuwa bei ya chini.
Nilirudi na chenji, nikasifiwa mbele ya watu.

Sizya alivivaa miezi miwili
akipuliza vitanda vya bweni, mia na arobaini.
Jioni alicheka peke yake.
Akaanza kupoteza majina ya vitu:
nipe ile, dada, ile,
ile ya kugongea.
Nyundo, Sizya.
Tukasema ni gongo.
Mama yake alikuja hapa, akasimama hapo ulipo,
akaapa mwanawe hajawahi kuonja.
Nilimuuliza Sizya, harufu huisikii humo ndani?
Akasema, naisikia,
si ndiyo kazi yenyewe?

Siku hizi anauza asali stendi.
Bei zote anazijua.
Juzi aliniita kwa jina la dada yake;
nikanunua chupa mbili,
sikumsahihisha.

Sasa sikiliza.
Hizo ndevu kesho sitaki kuziona.
Si mambo ya dini wala urembo,
mpira unataka ngozi, na unywele mmoja ni njia.
Ziba kwa viganja, vuta pumzi:
barakoa ikubane mashavu, itulie hivyo.
Ikilegea, tunaanza upya, hata fundi mkuu akifoka.

Na lile tangi la dawa ya nguzo kule nyuma,
usiingie hata ukivaa zote za stoo hii.
Kitu hiki hakitengenezi hewa,
kinachagua tu.
Pasipo hewa kitachagua nini?

Soma hapa ubavuni, mwaka wa mwisho wa matumizi.
Mwenye duka alinitolea zilizopita, zimefutwa vumbi vizuri,
nikamwachia palepale.
Safari hii nilikwenda na kopo lenyewe la vanishi,
nikaliweka juu ya kaunta,
nikasema, nataka ya kuzuia hiki.
Watu wa foleni waliguna. Wagune.

Haya. Kahawia mbili, kulia na kushoto,
na hiki cheupe chembamba juu yake, kwa ajili ya umande.
Naandika tarehe kwa kalamu nene,
na saa, na jina lako,
mkono wangu unatetemeka kidogo, ni baridi ya Juni.

Vaa nikuone.
Ukisikia harufu, hata chembe,
hata ukidhani ni ya jana imebaki puani,
weka bomba chini, toka nje, uniite.
Usije ukaniambia
ndiyo kazi yenyewe.