Kabla ya Kutia Sahihi

Dalali alisifia jiko, dari, bomba la maji moto.
Ghislaine akauliza: theluji ya njia hii huzolewa na nani?
Dalali akapekua makaratasi.

Ng'ambo ya mto nyumba ni mpya,
zimejipanga kama meno ya bandia,
kila ua na mbwa wake, kila mbwa na kamera yake.
Huku harufu ya samadi huingia bila hodi,
treni ya magogo hupita saa tisa usiku,
na paa, Mungu wangu, paa.

Ila mlango wa pili nimeona
nyayo za buti kubwa, kwenda na kurudi,
hadi kwa Bi Thibodeau asiyeweza kuinama,
na kuni barazani kwake, kavu,
zimepangwa kwa mkono usio wake.

Paa tutaliziba.