Mpira wa Kilo Kumi na Sita

Ijumaa Kuu, Guria. Mvua tangu alfajiri,
na bibi Nanuli anachemsha mizizi
mpaka maji yawe mekundu kama kidonda.
Anatumbukiza mayai kwa kijiko cha mbao, moja moja,
bila kunisemesha.
Dirishani, ngano aliyoiotesha kwenye sahani
imefika kimo cha kidole.

Namuuliza: kwa nini nyekundu?
Kasisi asema ni damu.
Mwalimu asema yai ni la kale kuliko msalaba,
watu walilipaka rangi wakiamkia majani mapya
kabla jina la Yesu halijapanda vilima hivi.
Na Malka, jirani yetu aliyehamia Kutaisi,
alikuwa akisema Pasaka ni neno la kwao:
kupita, kupitwa,
mauti kuiona alama mlangoni na kwenda zake.

Bibi anafuta mikono kwenye aproni.
"Mimi sikuwepo," anasema. "Nipe chumvi."

Jumapili. Tumekwishasema Kristo amefufuka,
tumekwishaitikia hakika,
tumegonganisha mayai, na langu limepasuka mapema
kama ilivyo desturi yake.
Varlami fundi viatu ameushona mpira:
ngozi, udongo, mchanga,
na divai ya kuushibisha.
Kilo kumi na sita.
Haudundi. Hauruki.
Unabebwa kama maiti anayekataa kwenda.

Sisi wa Juu tuufikishe kijito chetu,
wao wa Chini kijito chao.
Sheria hakuna, ila moja: aliyeanguka ainuliwe.
Mamia ya wanaume, rundo moja linalofuka mvuke,
uzio wa Gulo umeng'oka,
kiatu cha mtu kimenasa juu ya mti wa plamu,
na kaka yangu Badri yumo humo mahali fulani,
namjua kwa kikohozi.

Giza likiingia, tunashinda.

Mshindi huupeleka makaburini
kwa mtu wake aliyekufa mwaka huo.
Sisi tunaye babu. Pamekwishafagiliwa.
Bibi amesimama pale na yai na glasi.

Lakini Badri, mdomo umemvimba, anapita.
Anampita bibi, anampita babu,
anashuka hadi upande wa Chini
kwa Otia, miaka kumi na tisa,
aliyekuwa akimkaba shingo kila Pasaka,
na Januari mto ukamchukua.
Anautua. Udongo unadidimia kidogo.
Mama yake Otia hasemi neno.
Anaushika mpira kwa viganja viwili
kama kichwa cha mtoto mwenye homa.

Namgeukia bibi, nikingoja ghadhabu.
Amekwisha kulivingirisha yai juu ya babu,
amemwaga divai, anamwambia:
"Umepitwa, mzee."

Kisha anaketi ukingoni mwa kaburi,
analimenya lile yai,
anapapasa mfukoni kutafuta chumvi.