Mti wa Mpakani

Mama aliuleta kutoka Muheza
ndani ya kopo la maziwa, magotini.
Basi lilipata pancha Mombo, jua likawa la utosi,
naye akaunywesha mche maji ya chupa yake
kabla ya kunywa mwenyewe.

Baba alikuwa akipogoa mibuni.
Akauliza: Hauzai ndizi, hauzai buni,
mbuzi hawali. Kazi yake nini, Aikande?
Mama akachimba shimo kando ya mfongo,
pale sale la mpaka lilipofia kiangazi,
akasema: Kazi yake kunukia.
Baba akacheka hadi mkasi ukamponyoka.

Sisi watoto tulijua mengine:
kwamba majani yake huzaliwa mekundu kama ufizi,
kisha yakaona haya, yakageuka kijani;
kwamba ukivunja jani moja ukalisogeza puani,
Krismasi inakujia mwezi wa tano;
kwamba baridi ya Julai iliposhuka Uru kutoka msituni,
migomba ikarambwa na upepo, ikabaki matambara,
mti ule haukufungua hata kifungo.

Chumbani mwa baba kulikuwa na sanduku la mkulo,
la babu yake, harufu yake kali ya dawa.
Humo zilikaa hati, blanketi la harusi,
na picha ambazo nondo hawakuthubutu.
Siku moja bwana shamba, Ndelilio, alikuja kukagua buni.
Akanusa sanduku, akanusa mdalasini,
akala parachichi letu na chumvi, akasema:
Hawa watatu ni ukoo mmoja, mnajua?
Baba akamtazama kama mtu aliyeambiwa
mbuzi na kuku wana mjomba mmoja.
Mama akaingia jikoni,
akamwongezea bwana shamba parachichi.

Hakuwahi kuumenya. Majani, ndiyo, ya chai.
Gome ni ngozi, alisema,
ngojeni kwanza nimalize kuvaa yangu.

Tulimzika Machi.
Aprili kaka zangu wakaja na kamba ya kupimia.
Kwa mila yetu mimi si mpimaji wala mpimiwa;
nilipewa kushika ncha.
Kamba ikapita katikati ya shina
kama kisu kwenye keki ya kipaimara.
Elinami alitaka ukuta wa tofali.
Ndeshau hakutaka kelele.
Panga likawaamulia.

Nikakaa chini na fito zilizolala.
Masika yalikuwa yamelilegeza gome
kama shati kwenye mwili uliotoka homa.
Nikakwangua ganda la nje,
nikasugua kwa mpini wa kijiko cha shaba cha mama,
nikachana kwa ncha ya kisu, nikavuta.
Likatoka zima, bichi, bila sauti.
Kivulini likaanza kujikunja lenyewe,
kiganja kinachofumba nauli.

Kilo mbili na robo.
Mchuuzi wa Kiboriloni akapima, akanusa, akauliza:
Wa Zanzibar huu?
Nikamwambia: Wa mpakani.
Nikamuuzia ile robo.
Mbili nikarudi nazo Majengo, chumba cha kupanga,
nikaziweka kati ya kanga za mama,
na usiku ule sikulala, nilinusa tu.

Ukuta umesimama sasa,
umepigwa lipu upande mmoja.
Juzi Ndeshau akanipigia simu, sauti ya chini
kama mtu aliyejificha bandani:
Dada, kile kisiki kimechipua.
Saba. Mekundu.
Matatu kwa Elinami, matatu kwangu.

Na la saba?

Akanyamaza. Nikasikia mfongo ukipita nyuma yake,
na kuku, na mtu akikata majani.

La saba, akasema, limepasua tofali.