Shum

Kule Delnice, theluji haijaisha misonoboni,
wana neno moja la majani yanapogusana: shum.
Liongeze irabu moja nyuma, shuma,
umeupata msitu mzima,
kana kwamba mababu waliusikia
kabla hawajauona mti hata mmoja.

Mladenka, fundi wa redio miaka thelathini,
aliliita hivyohivyo lile chakacho
la kati ya stesheni na stesheni.
"Hapo hakuna mtu," alimwambia mwanagenzi. "Zungusha."
Yeye mwenyewe, akiwa peke yake, hakuzungusha upesi.

Jumanne daktari kijana aliomba radhi
kwa ubaridi wa kile chuma kifuani.
Kwa neno hakuomba.
"Una shum moyoni, mama."
Kilango kimoja hakifungi sawasawa;
damu ikipita hunong'ona
kama waliochelewa misa
wakiulizana pa kukaa.

Nyumbani, Vjeko alikuwa anakata mkate.
Masikio yake yalikwisha liwa na msumeno wa kiwandani
zamani, wakati wa mbao nyingi.
Mladenka akaandika nyuma ya risiti ya duka:
shum.

"Msitu?" akauliza Vjeko kwa ile sauti yake kubwa,
akatafuta kalamu amsaidie
irabu aliyoisahau.

Hakuisahau. Akaushika mkono wake
wenye makombo, wenye vidole vinne na nusu,
akauweka upande wa kushoto, juu ya sweta.
Kisha akafungua vifungo, akauweka ndani.

Vjeko akainamisha kichwa,
kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali usiku.
Supu ikapoa. Hakuzungusha.