Kamba ya Mbasa

Isongole, mwezi Juni, umande ukikaribia kuwa barafu
kwenye majani ya pareto,
mama alimimina viazi kwenye ungo, na maganda yake.
Mvuke ulipanda mpaka tukapotezana nyuso,
mikono tu ikajuana kwa kugongana.
Kiazi cha moto hakina adabu: unakirusha
kiganja cha kulia, kiganja cha kushoto,
unakipuliza, unakilaani kimoyomoyo
kwa kuwa baba yupo.

Chumvi ilikaa katikati, juu ya jani la kabichi,
kijilima kama cha siafu.
Aliyechovya mara mbili alitazamwa.
Maziwa ya mgando yalizunguka katika kata moja,
baba, kisha bibi Tuntufye, kisha sisi kwa umri,
na mimi kitinda mimba nikaramba kuta.

Juu ya moto, kwenye kamba ya katani,
alining'inia mbasa.
Mjomba Ambokile alimpandisha kutoka Matema
kwa miguu, siku mbili, kwapani.
Mkavu, mweusi kwa moshi, mdomo wazi
kama mtu aliyekatizwa maneno.
"Huyu ni wa mgeni," mama alisema.
"Ninyi mtazameni, mle."

Basi tulimtazama, tukala.
Unauma kiazi, unainua macho,
unameza haraka kabla ulimi haujagundua.
Sekela aliwahi kudai amekwama mwiba.
Gwakisa alipigwa kofi
kwa kuutazama upande wa tumbo, wenye mafuta,
muda mrefu kuliko wenzake.

Mwaka ule ukungu ukashuka shambani,
ule wa ugonjwa, si ule wa asubuhi.
Majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto,
na chini ya udongo jembe likatoa uji wenye harufu.
Vile viazi vya ukubwa wa gololi, fungu la mbwa,
mama akavichambua kimoja kimoja.
Mbwa akahama mwenyewe.

Ndipo mgeni akaja.
Mzee Nsajigwa, aliyekuwa akimdai baba
magunia mawili ya mbegu.
Mama hakusema neno. Alipanda kigoda, akafungua fundo.
Mzee alikula mgongo, akala tumbo, akafyonza kichwa,
akafuta vidole kwa kiazi, na kiazi nacho akakila.
Sisi tulihesabu miiba ikirudi kwenye sahani.
Mlangoni akageuka:
"Ile mbegu... mwakani."
Baba akakohoa kwa muda mrefu, ingawa hakuwa na kikohozi.

Jioni ungo ukaja na viazi kumi na kimoja.
Tulikuwa saba.
Tukauma, tukainua macho
kwenye kamba tupu.
Hakuna aliyecheka. Ilikuwa bado inanukia.

Leo nakula Mwanjelwa, mezani,
samaki mzima, wa kukaanga, ndimu pembeni.
Kila tonge nainua macho.
Mhudumu ananiuliza
kama dari linavuja.